Anayehudumu Naye Ahesabiwe

Ushauri mwingi wanaopewa watu wanaohudumia wenzao nyakati za dhiki uliandikwa kwa ajili ya mtu mwenye milango miwili, wa kazini na wa nyumbani. Funga wa kwanza, anaambiwa, fungua wa pili, pumzika, kesho urudi na nguvu mpya. Bujumbura milango hiyo miwili hufungukia chumba kimoja. Muuguzi anayepokea majeruhi anatoka mtaa uleule walikoumizwa. Anayegawa mahema anaishi kwenye tambarare ileile iliyofurika. Mchungaji au imamu anayefariji wafiwa ana msiba wake mwenyewe ambao haujapoa. Kwa hiyo suala la namna ya kuhudumia watu bila kujimaliza, ambalo kwingine huchukuliwa kuwa la tabia ya mtu na nidhamu yake, hapa ni suala la mpango: huyu mhudumu anahesabiwa upande gani? Nikitazama miaka thelathini ya mji huu, naamini jibu ni kwamba ahesabiwe miongoni mwa waliopatwa, na huduma ianzie kwake.

Tuanze na maji, maana ndiyo dhiki inayorudi mara kwa mara. Gatumba iko magharibi mwa mji, kwenye tambarare ya mto Rusizi, njiani kuelekea mpaka wa Kongo. Aprili 2020 mto ulivunja kingo zake na maelfu ya watu wakahama. Miaka iliyofuata maji yakarudi, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lenyewe lilipanda likameza nyumba na njia za ufukweni, hadi wazee wakakumbuka jinsi lilivyojaa miaka ya 1960. Kabla ya hapo, usiku wa tarehe 9 Februari 2014, mvua iliyopiga milimani ilishusha maji na matope kwenye mitaa ya kaskazini, Kamenge na Kinama ikiwemo, na watu zaidi ya 60 wakafa.

Katika mikasa yote hiyo waliotangulia kufika walikuwa majirani, na miongoni mwao watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Burundi. Chama hicho kimejengwa kilima kwa kilima na mtaa kwa mtaa, na anayejitolea huanzia palepale anapoishi. Ndiyo nguvu yake: hahitaji kuonyeshwa njia, anajua bibi gani hawezi kutembea na nyumba gani ina mtoto mchanga. Lakini maana yake pia ni kwamba anayebeba machela huenda godoro lake mwenyewe linaelea. Na hapa pana jambo dogo ambalo naliona kuwa kubwa. Anayeshika kalamu kuandikisha kaya zilizoathirika huona haya kujiandikisha. Akiandika jina lake juu ya orodha, ataonekana amejipendelea. Akiliandika mwisho, vifaa vimekwisha. Dawa yake ni nyepesi: orodha ya waliojitolea isomwe kwanza, na mtu mwingine, kabla ya kazi kuanza, aulize nani kati yao hana pa kulala usiku huo. Mahali pengi hakuna anayeuliza.

Dunia ya wataalamu ilianza kuuzungumzia uchovu wa wahudumu kwa uzito mwaka 1974, pale Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York aliyekuwa akijitolea katika zahanati ya bure, alipoandika kuhusu wenzake waliokuwa wakiishiwa nguvu mmoja baada ya mwingine, yeye mwenyewe akiwa mmoja wao. Mwaka 1981 Christina Maslach na mwenzake Susan Jackson walitoa kipimo kinachotumika hadi leo. Kinatafuta dalili tatu: moyo uliochoka, kuanza kuwaona unaowahudumia kama mizigo badala ya watu, na kuhisi kwamba unachofanya hakina maana. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliieleza hali hiyo kuwa jambo la kazini, si ugonjwa wa mtu. Hilo lilikuwa hatua ya haki, kwa sababu liliondoa lawama mgongoni mwa aliyechoka na kuielekeza kwenye kazi ilivyopangwa.

Hata hivyo, kipimo kinachotazama kazi peke yake hakitoshi mahali ambapo kazi na maisha vimeshikana hivi. Watafiti waliozungumza na Warundi vijijini na kuchapisha matokeo mwaka 2013 walisikia watu wakitaja akabonge, huzuni inayomfanya mtu ajitenge na kuacha shughuli zake, na ihahamuka, mshtuko wa mtu aliyeona ya kutisha. Muuguzi wa Kamenge anaweza kuwa na vyote viwili, pamoja na uchovu wa kazi, kwa wakati mmoja. Ukimpa likizo ya wiki moja umegusa theluthi moja ya mzigo wake.

Mizizi ya mzigo huo tunaijua. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na vita vilivyofuata viliua watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Kati ya mwaka 1994 na 1996 mitaa ya Bujumbura iligawanyika kikabila, mmoja baada ya mwingine. Buyenzi, mtaa wa Waswahili, ulibaki mchanganyiko na kuwahifadhi waliokimbia kutoka pande zote. Sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kulikumbuka hilo kwa fahari, lakini tuliangalie pia kwa jicho la uchambuzi. Kumficha mtu ndani ya nyumba yako ni huduma isiyo na zamu. Unalala naye, unakula naye, unaogopa naye. Naona siri ya Buyenzi ilikuwa kwamba hakuna nyumba iliyobeba mzigo huo peke yake. Nyumba zimebanana, nyua zinaonana, msikiti uko hatua chache. Aliyechoka kumhifadhi mgeni aliweza kumpokeza jirani. Pale ambapo mwema alikuwa mmoja tu katika mtaa mzima wa watu wenye hofu, wema huo ulikuwa hatari zaidi na ulimchosha zaidi.

Vita hivyo viliweka wazi pia pengo ambalo mpaka leo halijazibwa, kati ya mhudumu mgeni na mwenyeji. Tarehe 4 Juni 1996 wajumbe watatu wa Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu waliuawa karibu na Mugina, mkoani Cibitoke. Kamati ikasitisha kazi, ikaondoa watu wake, ikarudi mwaka 1999. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hakuna shirika lenye ruhusa ya kupeleka watu wake wakauawe. Ila Mrundi aliyekuwa muuguzi, dereva au mlinzi wa ghala hakuwa na ndege ya kupanda. Mwaka 2015, maandamano yalipoanza mwishoni mwa Aprili na jaribio la mapinduzi likafuata tarehe 13 Mei, Madaktari Wasio na Mipaka walifungua kituo cha majeruhi mtaa wa Kigobe. Kiliokoa wengi. Wafanyakazi wake Warundi, zamu ikiisha, walirudi kulala katika mji uleule uliokuwa ukiwaletea majeruhi.

Mfumo wa Umoja wa Mataifa humpa mfanyakazi wa kimataifa aliye kwenye kituo kigumu mapumziko ya kutoka nje ya kituo kila baada ya wiki kadhaa. Aliyeajiriwa kama mwenyeji hayumo katika mpango huo. Sababu inayotolewa ni kwamba mwenyeji yuko kwao, karibu na familia yake. Nadhani sababu hiyo imegeuzwa juu chini. Kuwa karibu na familia wakati familia iko hatarini ni sehemu ya mzigo. Mwongozo wa kimataifa wa afya ya akili katika dharura, uliotolewa mwaka 2007 na kamati inayounganisha mashirika ya Umoja wa Mataifa na mashirika ya kiraia, una kipengele kizima kuhusu kuwakinga wafanyakazi na watu wa kujitolea. Kipengele hicho kipo. Kinachokosekana ni fedha za kukifuata.

Kabla mwongozo huo haujaandikwa, Warundi wenyewe walikuwa wameshaanza kazi. David Niyonzima, mchungaji wa Kanisa la Marafiki (Quaker), alikuwa akifundisha wachungaji vijana huko Kwibuka mwaka 1993 wanajeshi walipovamia na kuwaua wanafunzi wake. Yeye alinusurika kwa kujificha. Baadaye alisomea ushauri nasaha Marekani, akarudi na kuanzisha shirika la THARS, linaloponya majeraha ya nafsi na kupatanisha watu. Kutoka mkondo huohuo wa Marafiki, mwaka 2003 ulianza mpango unaojulikana kwa herufi za HROC, nchini Rwanda na Burundi, na kwa upande wa Burundi jina la Adrien Niyongabo linahusishwa nao tangu mwanzo. Semina yake ni ya siku tatu. Watu kama 20 wanaketi pamoja, nusu kutoka upande mmoja wa mgogoro, nusu upande wa pili. Wanajifunza dalili za mshtuko, wanasimuliana waliyopoteza, wanaomboleza pamoja. Siku ya mwisho wanachora miti miwili, mmoja wa kutoaminiana na mwingine wa kuaminiana, wakitaja mizizi ya kila mti na matunda yake, kisha wanaulizana matunda ya ule wa kwanza yamewafikishaje hapo.

Kilicho muhimu kwetu ni namna wahudumu wa mpango huo wanavyopatikana. Wanaochaguliwa kuwa wasaidizi wa uponyaji mitaani ni watu waliopitia semina hiyo kwanza kama washiriki. Hawajifunzi mbinu darasani wakaenda kuzitumia kwa wengine. Wamekalia kiti kilekile, wamelia palepale. Ukilinganisha na mafunzo mengi ya haraka yanayotolewa mjini, ambapo mtu hufundishwa kusikiliza bila yeye mwenyewe kusikilizwa hata saa moja, tofauti ni kubwa. Sisemi semina ya siku tatu inamaliza kazi. Anayebaki na hadithi za wengine kifuani kwa miezi anahitaji kurudi kwenye duara lile tena na tena, na ufadhili wa kurudi huwa mgumu kuupata kuliko ufadhili wa kuanza.

Sasa niingie wodini, maana huko kuna aina ya maumivu ambayo usingizi hauyatibu. Mei 2006 Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba akina mama watajifungua bure na watoto wa chini ya miaka mitano watatibiwa bure. Ilikuwa habari njema, na kina mama waliokuwa wakizalia nyumbani kwa kukosa fedha walianza kufika. Lakini tangazo lilitangulia maandalizi. Wauguzi na wakunga walewale, vitanda vilevile, dawa zilezile, na ghafla foleni mara kadhaa ya ile ya jana. Wahudumu walijikuta wanatekeleza ahadi ya mtu mwingine kwa mikono mitupu, na hasira za wananchi ziliishia kwao.

Mwaka huohuo, mwezi Septemba, shirika la Human Rights Watch pamoja na shirika la Burundi la APRODH walitoa ripoti kuhusu wagonjwa waliokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa bili. Waliotibiwa na kupona walikaa wiki, wengine miezi, mlinzi getini akihakikisha hawatoki. Wengi wameisoma ripoti ile kwa upande wa mgonjwa, na ni haki. Naomba tuisome pia kwa upande wa muuguzi. Huyu mtu aliingia kazini kuponya. Anaamka asubuhi, anapita kitandani kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, jeraha limeshafunga, na hawezi kumwambia nenda nyumbani. Daktari wa akili wa Marekani, Jonathan Shay, aliyewatibu wanajeshi waliotoka Vietnam, aliandika kuhusu jeraha la dhamiri: uchungu wa mtu anayeona lililo haki likisalitiwa na wenye mamlaka juu yake. Jeraha hilo halitaki likizo. Linataka utaratibu wenyewe ubadilike. Kila mara tunapomfundisha muuguzi kuvuta pumzi ndefu mbele ya jambo ambalo lingepaswa kukomeshwa, tunamwongezea upweke.

Aprili 2010 nchi nzima iliingia kwenye mpango wa kulipa vituo vya afya kulingana na huduma vilizotoa, sehemu ya fedha hizo ikiwa nyongeza ya wafanyakazi. Kwa mara ya kwanza juhudi ya zamu ya usiku ilikuwa na thamani iliyoandikwa. Mpango wa namna hii huwa na faida fedha zinapofika kwa wakati. Zikichelewa, nyongeza hugeuka deni la duka la mtaani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu maandishi mengi kuhusu ustawi wa wahudumu hukimbilia roho na kuruka mfuko. Mshahara unaofika tarehe yake ni tiba. Basi la kumrudisha mkunga nyumbani saa moja usiku ni tiba. Tangu uhaba wa mafuta ulipoanza kuukaba mji miaka ya hivi karibuni, na tangu bajaji na pikipiki zilipoondolewa sehemu za katikati ya mji mwaka 2022, watumishi wengi wamekuwa wakitembea. Saa ya kutembea kwenda, saa ya kurudi, baada ya saa 12 za kusimama: hapo huwezi kuzungumzia utulivu wa ndani.

Tarehe 25 Julai 2024 Burundi ilitangaza mlipuko wa mpox, na Bujumbura ukawa kitovu chake. Ugonjwa huo huenea kwa kugusana, na Warundi ni watu wa kugusana. Salamu yao ni ndefu: mkono unashikwa, mkono wa pili unashika kiwiko, wanaofahamiana wanakumbatiana kulia na kushoto. Wahudumu wa wodi za kutengwa waliondolewa kitu kilekile ambacho siku nyingine huwashusha presha baada ya zamu ngumu. Wenye watoto wadogo, na watoto walikuwa wengi miongoni mwa wagonjwa, walifika mlangoni kwao na kusita kabla ya kuwapokea wanaowakimbilia.

Mpaka hapa nimezungumzia watu wenye vyeo, fulana au sare. Kundi kubwa kuliko hilo halina chochote cha kulitambulisha. Ukiingia hospitali yoyote kubwa ya Bujumbura utalikuta uani: wanawake wanakoleza mkaa, sufuria ya maharage iko jikoni, nguo zimeanikwa juu ya majani, mkeka umekunjwa pembeni. Hawa ndio Warundi wanaowaita abarwaza, jamaa wanaomuuguza mgonjwa. Hospitali inatoa dawa na upasuaji. Kulisha, kuogesha, kubadilisha shuka, kukimbilia famasi nje ya geti, kumwita muuguzi usiku, yote ni ya umurwaza. Analala sakafuni chini ya kitanda cha mgonjwa. Ametoka kilimani akiacha shamba la jirani amlindie, pengine ameuza mbuzi. Akikaa wiki tatu anakuwa mwembamba kuliko mgonjwa wake. Hakuna takwimu inayomhesabu, hakuna semina inayomwalika, na anapougua anakuwa mgonjwa wa pili wa familia ileile.

Kwa maoni yangu, kama mji ungetaka kuchagua mahali pamoja pa kuanzia, ungeanzia uani hapo. Vikundi vya makanisa na misikiti vinavyoleta chakula kwa wagonjwa maskini vimekwisha kuonyesha njia, maana chungu chao humlisha na anayeuguza. Kinachohitajika zaidi hakigharimu mengi: banda lenye paa, maji, choo kinachofungwa, na mtu wa kupokea zamu kwa usiku mmoja kwa wiki ili umurwaza alale usingizi mzima. Pia nafuu ingemfikia muuguzi, kwa sababu nusu ya ugomvi wa wodini ni kati ya watu wawili waliochoka, mmoja mwenye koti jeupe na mwingine mwenye kitenge.

Kwa nini hawa hawalalamiki? Jibu jepesi ni kwamba Warundi wamezoea shida. Silikubali. Watu hawazoei shida, wanafundishwa kuinyamazia. Kirundi kina methali isemayo machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Mwanamke naye akilalamika nyumbani kwake huambiwa kwamba ndivyo nyumba zinavyojengwa. Dini, ambazo zimewategemeza watu hawa kuliko taasisi yoyote, nazo zina sehemu. Mahubiri kuhusu wito yanampa mhudumu sababu ya kuamka, na katika miaka ya vita sababu hiyo ilitosha kumfanya mtu avuke kizuizi cha barabarani kwenda kazini. Lakini neno hilohilo wito likishikwa na mwajiri huwa njia ya kutolipa saa za ziada, na likishikwa na mhudumu mwenyewe huwa sababu ya kuona aibu akichoka. Kiongozi wa dini anayesimama mimbarini na kusema kwamba naye alihitaji msaada amefanya kazi ambayo mabango mia hayawezi kuifanya.

Msaada wa kitaalamu upo, ingawa ni kidogo. Kituo cha magonjwa ya akili na mishipa ya fahamu cha Kamenge, kinachoendeshwa na Mabruda wa Upendo, kinahudumia watu kutoka nchi nzima. Tatizo kwa mhudumu ni geti lake. Muuguzi akionekana akiingia pale, kesho mtaa mzima unasema amerukwa na akili, na keshokutwa mgonjwa wake anasita kuchomwa sindano naye. Washauri wa kuwasikiliza wahudumu wanapaswa kwenda walipo, katika chumba cha kawaida cha kituo cha afya, siku ya kawaida, pamoja na kikao cha kupanga zamu.

Kuna hazina moja ya Kirundi ambayo nashangaa mashirika hayajaitumia. Msiba Burundi haumaliziki na maziko. Kuna siku za kukaa pamoja, kuna kuoga na kunyoa, na baada ya muda mrefu, mara nyingi mwaka, kuna kuganduka: ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu hukusanyika, hotuba zinatolewa, madeni yanaulizwa na kujibiwa, kinywaji kinapita, na mbele ya wote inatamkwa kwamba maombolezo yamekwisha. Kuanzia hapo mfiwa anaruhusiwa kucheka bila kuulizwa. Sasa tazama kazi ya dharura inavyoisha. Mradi unafungwa kwa ripoti ya fedha. Mahema yanakunjwa, gari linaondoka, na watu waliobeba maiti za mafuriko au waliofunga macho ya watoto wa wodi wanaambiwa asante kwa ujumbe wa simu. Hakuna aliyewatamkia kwamba imekwisha. Dharura inayofuata inawakuta bado wako ndani ya ile ya kwanza. Kuganduka kwa wahudumu, siku moja ambapo waliohudumiwa na waliohudumu wanakaa pamoja na majina ya waliokufa yanatajwa, kungegharimu kreti kadhaa za Fanta na Primus.

Hazina nyingine tayari inafanya kazi. Ikirimba, kikundi cha kuweka na kukopeshana, kipo karibu kila mahali pa kazi, na mfuko wake wa msiba na ugonjwa ndio bima pekee waliyonayo wengi. Uzuri wake mkubwa, nadhani, ni kile kikao cha wiki ambacho mtu hawezi kukikosa bila kuulizwa yuko wapi. Asiyefika leo anatafutwa kesho. Michezo ya pamoja nayo ni desturi ya mji huu; makundi ya watu walikuwa wakikimbia mitaani wakiimba asubuhi za wikendi, mpaka mwaka 2014 serikali ilipopiga marufuku mbio za makundi nje ya viwanja vilivyoruhusiwa, ikiogopa siasa ndani yake. Waliopoteza pale si wanasiasa peke yao. Afya ya watu wanaohudumu inategemea pia kama mji unawaruhusu kukusanyika kwa furaha tu.

Kuhusu furaha, mtu wa kumtazama ni Marguerite Barankitse. Tarehe 24 Oktoba 1993, Ruyigi, alishuhudia watu 72 wakiuawa mbele yake, akaokoa watoto 25 na kuanzisha Maison Shalom, iliyolea maelfu ya watoto katika miaka iliyofuata. Alijenga hospitali, lakini alijenga pia jumba la sinema na bwawa la kuogelea, katika mkoa maskini ambako wafadhili wengi wangependa kuona magunia ya mahindi tu. Bwawa lile halikuwa la watoto peke yao. Mlezi anayemwona mtoto yatima akiruka majini anapata sababu ya kurudi kesho. Mwaka 2015 alikimbilia uhamishoni, na mwaka 2016 akawa wa kwanza kupewa Tuzo ya Aurora. Kaskazini mwa Bujumbura, Kituo cha Vijana cha Kamenge, kilichoendeshwa na wamisionari Waksaveri, kilishika njia hiyohiyo ya mpira, muziki na vitabu kwa vijana wa mitaa iliyokuwa ikipigana, na mwaka 2002 kikapata tuzo ya Right Livelihood. Wote hawa walielewa kwamba huduma isiyo na raha ndani yake humla anayeitoa.

Mtihani mpya umeshafika. Februari 2025, baada ya Goma na Bukavu, mashariki mwa Kongo, kuanguka mikononi mwa waasi wa M23, makumi ya maelfu ya Wakongo walivuka Rusizi kuingia Burundi, uwanja wa mpira wa Rugombo ukajaa watu, na baadaye wengi wakahamishiwa Musenyi, mkoani Rutana. Ilikuwa miezi ileile ambapo Marekani ilikata misaada yake duniani kote. Mkimbizi wa Bukavu na mtu wa kujitolea wa Buyenzi hawahitaji mkalimani. Hilo ni jema kwa mkimbizi. Kwa anayesikiliza, maana yake ni kwamba kila kitu kinamwingia moja kwa moja, katika Kiswahili chake mwenyewe, kwa maneno yaleyale aliyowahi kuyasikia mtaani kwake mwaka 1995 na mwaka 2015. Mtu wa namna hiyo asiachwe mezani mwezi mzima kwa sababu tu anajua lugha. Wasikilizaji wawekwe wawili wawili, wabadilishwe kila baada ya siku chache, walipwe nauli na chakula cha mchana hata kama wanajitolea, na kikao cha kwanza cha kila zamu kiwe cha kuwasikiliza wao.